ULIMI NAO UTAULIZWA
Neno kwa ndugu wanaoonja sigari, na kwa sisi tunaowahukumu

Kwa jina la Allah, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake wote. Ama baad.



Ijumaa hii tunakuletea jambo ambalo wengine watasema si la Butembo wala la Beni, ni la matajiri wa ng'ambo. Usiliweke kando upesi. Wafanyabiashara wetu wanakwenda Dubai na Guangzhou kwa miaka mingi sasa, na wanaporudi hawaleti vitambaa, vipuri na simu peke yake. Wanaleta pia tabia walizoziona huko. Tabia haipiti forodha, wala haitozwi ushuru, lakini inaingia nyumbani na kukaa.

Kuna ndugu mmoja wa msikiti wetu, mtu wa kheri, ambaye bati nyingi za madrasa yetu zimetoka mfukoni mwake. Ndugu huyu amekuwa mpenzi wa sigari. Hatusemi sigara ya pakiti inayouzwa barabarani moja moja. Tunasema sigari, ile nene iliyosokotwa kwa mkono, majani matupu ya tumbaku bila karatasi. Wavutaji wenzake walipoanza kusengenywa, alikuja kwangu baada ya sala ya isha akasema: "Mwalimu, niandikie jibu katika karatasi ya Ijumaa. Usitaje jina langu, lakini usinifiche ukweli. Wengine wanauliza kama mimi, na wanaona haya." Basi neno hili ni jibu lake, na kwa idhini yake.

Kwanza nieleze anachokifanya, kwa sababu si haki kuhukumu jambo usilolijua. Nyumbani kwake ana sanduku la mbao za mwerezi, na ndani yake amehifadhi sigari katika unyevu wa asilimia 65 hadi 70, kwa kuwa jani likikauka linapasuka na likilowa linaota ukungu. Zipo za Kuba, kutoka mkoa wa Pinar del Río, zipo za Nikaragua na za Jamhuri ya Dominika. Akanionyesha moja akasema jani lake la nje ni la Kameruni, maana majani ya kufunikia sigari yanayolimwa Kameruni na Afrika ya Kati, jirani zetu hawa, yanasifika duniani. Akanieleza kwamba sigari ina sehemu tatu: majani ya ndani, jani la kuyafunga, na jani la kufunika. Majani hayo hurundikwa yakapata joto na kuchacha, ukali wake ukatoka, kisha yakalazwa miezi au miaka.

Jumamosi jioni yeye na wenzake watatu wanakaa kuonja. Wanavua ile pete ya karatasi ili jina lisiwadanganye. Wanakata ncha kwa kisu kidogo, wanawasha polepole, wanautia moshi mdomoni na kuutoa bila kuumeza. Kisha wanaandika katika daftari: mwanzo ilikuwa na ladha gani, katikati imegeuka vipi, mwisho imeacha nini ulimini, majivu yamekaa au yameanguka. Sigari moja inachukua saa nzima, na nyingine zaidi.

Sasa sikiliza hoja yake, nami naipanga kama alivyoisema. "Mwalimu, mimi sivuti, naonja. Moshi haushuki kifuani. Sileweshwi, akili yangu iko sawa. Mali niliichuma kwa halali na zaka nimetoa. Simwibii mtu. Na tena hii ni elimu: Mungu ameumba ladha nyingi, nami najifunza kuzitofautisha. Kosa langu liko wapi?"

Ndugu Waislamu, hoja hii haitoki kwa mjinga. Nami nakiri mbele yenu jambo moja. Aliponipa ile sigari ya jani la Kameruni, bado haijawashwa, niliinusa. Ilikuwa na harufu ya kakao inayokaushwa njiani kule Mutwanga, na harufu ya mbao mpya, na ya udongo mkavu unapopata mvua ya kwanza. Nilitaka kuinusa tena, na niliinusa tena. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba wanaopenda kitu hiki wanapenda uchafu. Kizuri kimo ndani yake, na ndiyo sababu swali ni gumu. Lingekuwa na uvundo mtupu, lisingehitaji karatasi ya Ijumaa.

Tena tuwe waadilifu kuhusu wanazuoni. Jambo la kuonja na kuvuta limewahi kuwagawa watu wa elimu. Mwaka 1511 pale Makka, msimamizi wa masoko aitwaye Khair Beg alikusanya wanazuoni na kahawa ikapigwa marufuku. Ndiyo, kawa yetu hii hii, ambayo masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa ili wakeshe katika dhikri. Baada ya muda mfupi amri kutoka Kairo ikailegeza marufuku hiyo. Tumbaku nayo iliingia nchi za Kiislamu karibu na mwaka 1600, na mzozo ukawa mkubwa zaidi. Sultani Murad wa Nne wa Istanbul aliikataza mwaka 1633, na watu waliuawa kwa ajili yake. Pale Misri wanazuoni wawili wa karne hiyo, wote wa madhehebu ya Maliki, walipingana: Ibrahim al-Laqani aliikataza, Ali al-Ajhuri aliiruhusu. Na Sheikh Abdulghani an-Nabulusi wa Damaski aliandika kitabu kizima cha kuitetea.

Basi kahawa na tumbaku zilisimama mbele ya mahakama moja, na kila moja ilikuwa na mashahidi wake. Kilichoamua ni nini? Ni muda na ushahidi. Kahawa ilichunguzwa miaka mia tano, na watu waliokuwa wakiinywa kwa kiasi hawakuonekana kuangamia. Tumbaku nayo ilichunguzwa. Mwaka 1950 watafiti wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walionyesha uhusiano wake na saratani ya mapafu. Mwaka 1964 ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ikalisema hilo mbele ya dunia nzima. Leo Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Wale walioiruhusu zamani waliiruhusu kwa kuwa hawakuwa na uthibitisho wa madhara. Sisi tunao. Hukumu hufuata sababu yake, na sababu ilipojulikana, maneno ya wanazuoni wengi yaligeuka. Karibu na mwaka 2000 Mufti wa Misri, Sheikh Nasr Farid Wasil, alitoa fatwa kwamba kuvuta ni haramu.

Ndugu yetu atasema: "Hayo ni ya sigara, mimi simezi moshi." Ndugu yangu, turudi katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, inayotufundisha kwamba siku ya hukumu mja ataulizwa kuhusu umri wake, elimu yake, mali yake na mwili wake. Tuyapime maswali hayo manne juu ya sanduku lile la mwerezi.

Kwanza, mwili. Sigari moja kubwa inaweza kubeba tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Ni kweli kwamba asiyemeza moshi hulinda mapafu yake kidogo kuliko anayemeza. Lakini moshi wa sigari hupitisha nikotini kwenye ngozi ya ndani ya mdomo yenyewe, bila kungoja kifua. Na saratani zake zinajulikana mahali zinapokaa: mdomoni, ulimini, kooni. Tazama basi jambo hili la ajabu: mtu anafundisha ulimi wake kutambua ladha, kwa kitu kinachouvizia ulimi ule ule. Na moshi aliokataa kuumeza yeye hautoweki. Unabaki sebuleni, na wanaoumeza ni mke wake na watoto, ambao hawakuonja chochote na hawana daftari. Yeye ameuzuia usiingie kifuani mwake, akauachia uingie vifuani mwao.

Pili, mali. Ndugu yetu aliniambia kwa ukweli kwamba sigari moja aliinunua kwa dola 25. Sitamwambia kwamba kila kitu cha bei ni israfu; hata kanzu ya Idi ina bei, na Mtume (s.a.w.) alipenda manukato. Aya ya 31 ya Suratul-A'raf inakataza israfu, na aya ya 32 inayoifuata inawauliza wale wanaoharamisha mapambo na riziki nzuri za Allah. Zisome zote mbili pamoja, maana watu wengi husoma moja tu, ile wanayoipenda. Israfu si ukubwa wa bei peke yake. Israfu ni mali kutoka bila kuacha kitu nyuma. Kanzu inabaki, chakula kinakuwa nguvu, kitabu kinabaki rafuni. Dola 25 za sigari zinabaki majivu, na zikibakiza kitu mwilini, kinabaki kwa hasara. Na sisi tunaishi wapi? Tangu mwaka 2014 watu wa Beni, Oicha na Eringeti wanazika ndugu zao, na waliokimbia vijiji wamelala katika nyumba za watu. Kila mwaka watoto wanafukuzwa shuleni kwa sababu ya minervali. Mwenye mali anajua mlango wa kugonga.

Tatu, umri. Saa moja kila sigari. Hapa mimi nitakuwa mpole, kwa kuwa mtu aliyefanya kazi wiki nzima ana haki ya kupumzika na rafiki zake, na kukaa pamoja ni kheri. Neno langu ni moja tu: kijana wako wa miaka kumi na tisa ndiye anayewashikia kisu na kiberiti. Wewe unahesabu saa yako, na yeye anahesabu miaka yake. Wewe ulianza ukiwa mtu mzima, mwenye akili ya kusema "moja kwa wiki". Yeye hakuambiwa habari ya wiki. Ameona tu kwamba baba anayesimama safu ya kwanza hufurahi namna hii.

Nne, elimu. Hapa ndipo ndugu yetu alipoweka nguvu yake, nami sikuwa na jibu usiku ule. Alisema kuonja ni elimu, na kweli ni elimu. Basi nilimwomba twende mahali fulani, naye akakubali.

Tulikwenda katika depo moja ya kahawa hapa Butembo, siku ambayo wanaonja. Wengi wenu mnalima kahawa, arabika juu huku Lubero na miteremko ya Ruwenzori, robusta huko chini Beni, lakini hamjawahi kuona inavyohukumiwa. Nitawaeleza. Wanapanga vikombe vitano kwa kila mkulima au kila kundi. Wanatia gramu 8 na kidogo za kahawa iliyosagwa kwa mililita 150 za maji, moto wa nyuzi karibu 93. Wanangoja dakika 4, wanavunja povu la juu kwa kijiko na kunusa. Kisha wanavuta kwa kijiko kwa sauti, sss, ili kahawa itapakae ulimi wote, halafu wanatema. Wanatoa alama juu ya 100, na inayofika 80 huitwa kahawa ya daraja la juu, na bei yake ni nyingine. Ni ladha hizo hizo anazozitafuta ndugu yetu: kakao, tunda, mbao, ukali, na kinachobaki mwisho.

Kwa nini vikombe vitano? Ili kuona kama vyote vinafanana, na kwetu hilo ni muhimu zaidi, maana kahawa ya maziwa yetu makuu ina ugonjwa unaoitwa ladha ya kiazi. Mdudu mdogo hutoboa tunda, na punje moja iliyoharibika hukifanya kikombe kizima kinuke kiazi kibichi. Ukionja kikombe kimoja utadanganyika. Huenda kibaya kiko katika cha nne.

Ndugu yetu alipewa kijiko. Hakuwahi kufanya kazi ile hata siku moja. Alionja safu ya kwanza, akaonja ya pili, na alipofika kikombe cha tatu cha safu ile akasimama. "Hiki kimeharibika," akasema, "kina kitu kibichi, kama viazi." Yule kijana mwonjaji wa depo akaonja, akamtazama, akasema: "Papa, umefanya kazi hii wapi?"

Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja, mwenye mzigo ule. Alikuwa ameshaambiwa miaka mingi kwamba kahawa yake ni mbaya, bila kuambiwa ubaya ni nini, na wakati mwingine jirani zake waliipeleka magendo kupitia Kasindi ikauzwe Uganda bila jina. Siku ile aliambiwa: si kahawa yako yote, ni punje zilizotobolewa na mdudu, chagua matunda, yaeleze majini, yanayoelea uyatoe, na shambani upunguze matawi ili mdudu akose kivuli. Alitoka na neno la kufanya. Na neno lile lilitoka katika ulimi uliofundishwa na sigari.

Ndugu Waislamu, hapo ndipo nilipopata jibu langu. Ladha ni elimu, na mwenye kuitofautisha amepewa neema. Hatumwambii azibe ulimi wake. Tunamwuliza elimu yake inamtumikia nani. Muonjaji wa kahawa anaonja kisha anatema; hatafuti kushiba wala kustarehe, anatafuta ukweli ulio katika kazi ya mtu mwingine, na hukumu yake inarudi kwa mkulima kama bei au kama mafundisho. Muonjaji wa sigari anaonja, na hukumu yake inaishia katika daftari lake. Aliyelima lile jani, aliyelisokota kwa mkono, hatasikia kamwe kilichosemwa Jumamosi jioni. Ladha ile ile, uangalifu ule ule, kuvua jina ili usidanganyike kule kule. Mmoja ameufanya ulimi kuwa shahidi, mwingine ameufanya mgeni anayekula peke yake, na chakula chenyewe kina sumu.

Kuna jambo jingine alilonikiri njiani tukirudi. Alisema zamani sigari yoyote ilimfurahisha, na sasa nyingi zinamkera. Anatafuta ile ambayo ni bora kuliko ya jana, na ikipatikana inaifanya ya jana kuwa mbaya. Hili nalo ni la kuzingatia, hata kwa yule asiyegusa tumbaku. Kuna kuonja kunakozidisha shukrani, na kuna kuonja kunakoipunguza. Ukiona kwamba kadiri unavyojua ndivyo unavyolalamika zaidi, iwe kwa chakula, kwa nguo, au kwa chai aliyopika mke wako, ujue elimu hiyo imegeuka kiu.

Sasa nawageukia ninyi mliokuwa mkitikisa vichwa kwa furaha tangu mwanzo wa karatasi hii. Ninyi hamvuti. Lakini ulimi ni mmoja. Ule ulimi ambao haukugusa tumbaku ndio uliolitembeza jina la ndugu yetu kutoka msikitini hadi sokoni, hadi Beni. Mwenye kusengenya anakula kitu ambacho Suratul-Hujurat imekifananisha na nyama mnayoijua, wala hakuna anayemwambia kwamba ananuka. Yeye alikuja na swali lake mchana mbele yetu. Sisi tulikwenda na majibu yetu nyuma yake. Siku ya kuulizwa, sijui kama sanduku lake litakuwa zito kuliko maneno yetu.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniuliza, hili ndilo jibu. Kosa haliko katika kupenda kizuri. Kosa liko katika kuutoa mwili wako na pumzi ya nyumba yako kuwa bei ya kizuri hicho, hali umepewa vizuri vingine ambavyo havidai bei hiyo. Liache sanduku. Usiliuze kwa ndugu mwingine, maana kilichokudhuru hakiwi halali kwa kubadilisha mwenyewe. Mwili ukidai, na utadai, maana nikotini haiachi mateka wake kwa siku moja, usione haya kwenda kwa daktari, wala usikate tamaa ukianguka na kuanza tena. Na Jumamosi yako usiiache ikae tupu. Waite wale wenzako watatu, na huyo kijana wako, mkae na vikombe. Kuna kahawa ya Ruwenzori, kuna kakao ya Beni ambayo watengenezaji wa chokoleti wa Ulaya na Marekani wanaitafuta, kuna asali ya misitu yetu. Andikeni katika daftari lile lile. Kisha mkayasome mliyoandika kwa wakulima.

Jana usiku alinipigia simu. Hakuniambia kwamba ameacha, nami sitawadanganya kwamba ameacha. Aliniuliza tu depo wanaonja siku gani tena. Nikamwambia Jumanne. Tumwombee.

Ewe Mola wetu, tupe ndimi zinazojua kizuri na kukishukuru. Zilinde na kinachoziangamiza, na uwalinde watu na madhara yake. Uwarehemu ndugu zetu wa Beni, Butembo na Lubero waliouawa, uwarudishe salama waliokimbia, na uifanye amani ya Kongo yetu iwe ya kweli. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tafadhali usisome karatasi hii wakati imamu anahutubu. Ukimaliza kuisoma mpe mwenzako, wala usiitupe mahali pachafu, kwa kuwa ina jina la Allah.